Bweni kwa mtoto wa miaka sita

Kila Januari mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hupanga masanduku ya bati yakingoja wanafunzi wa bweni. Sanduku analonunuliwa kijana wa kidato cha kwanza ndilo hilo hilo analonunuliwa mtoto wa darasa la kwanza, ambaye hana hata nguvu za kulinyanyua. Kwa miaka mingi wachache waliona ajabu.

Sasa watu wanaona, ila hawaelewani. Tangu 2023 wazazi wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakiulizana maswali yale yale. Bweni la watoto wadogo limepigwa marufuku au limezuiwa kwa muda? Amri inazihusu shule zote au baadhi? Mzazi mjane anayefanya kazi za zamu atamwacha mtoto na nani? Majibu yanayotolewa ni ya hasira zaidi kuliko ya hoja: huyu anamwita mwenzake mzazi aliyekimbia malezi, naye anajibiwa kwamba wenye muda wa kulea ndio wenye maneno. Hapa tutajaribu kuzipanga hoja hizo kila moja mahali pake, tuone ipi ina uzito na ipi ni povu.

Tulivyofika hapa

Wanaotetea bweni hupenda kuwataja wazee. Shule ya Tabora ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza katika miaka ya 1920, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa machifu. Alliance ya Kikuyu, Kenya, ilifunguliwa 1926. Julius Nyerere aliingia shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akaendelea Tabora. Husemwa kwamba vizazi hivyo vilitoka bwenini vikiwa na adabu, urafiki wa kudumu na akili ya kujitegemea, tena bila simu wala siku ya kutembelewa.

Hayo ni kweli, lakini yanaficha jambo moja: umri. Nyerere alizaliwa 1922, hivyo alipofika Mwisenge alikuwa na miaka 12. Shule zilikuwa chache na mbali, na watoto walianza wakiwa wakubwa, wengi baada ya kuchunga mifugo na kulima pamoja na wazazi wao kwa miaka mingi. Baada ya uhuru Tanzania iliendeleza bweni kwa sababu nyingine, ya kujenga taifa, kwa kumpeleka kijana wa Bukoba asome Mtwara na wa Songea asome Mara. Hao nao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Bweni linalokumbukwa kwa mapenzi na kizazi cha wazee ni bweni la vijana, na kulitumia kama ushahidi kwa mtoto wa miaka sita ni kumvika mtoto koti la baba yake.

Bweni la watoto wadogo kwa wingi tunaouona leo ni la juzi tu. Waingereza walikuwa nalo kwa watoto wao. Pembroke House ya Gilgil iliwapokea watoto wa masetla tangu 1927, na huko kwao hata Charles, mfalme wa sasa, alipelekwa bweni la Cheam mwaka 1957 akiwa na miaka minane. Kwa Waafrika wa kawaida mlango ulifunguka baadaye sana. Tanzania ilipoanza kuruhusu shule binafsi za msingi katika miaka ya 1990, inglishi midiamu zilichipuka mjini kisha zikaenda mikoani. Wazazi waliokaa mbali na shule hizo waliombwa kitu kimoja tu: ada ya bweni. Kenya ilitangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, madarasa ya umma yakafurika, na wazazi wenye uwezo kiasi wakakimbilia akademia za binafsi. Huko nako mtihani wa KCPE, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, ulikuwa umeigeuza shule ya msingi kuwa mbio za kuwania nafasi chache katika sekondari kubwa. Katika mbio hizo bweni liliuzwa kama mbeleko ya ushindi.

Kwa maneno mengine, si kwamba wazazi waliamka siku moja wakachoka na watoto wao. Vitu vitatu vilikutana: shule nzuri zilizoko mbali, mtihani mmoja unaoamua mengi, na miji iliyopanuka bila usafiri wa kuaminika.

Amri mbili na mkanganyiko wake

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania, Dkt. Lyabwene Mtahabwa, alitoa waraka uliosimamisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia Machi. Bweni likaruhusiwa kuanzia darasa la tano, na chini ya hapo iwe kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa haikuwa ya majengo wala usalama, bali ya malezi: mtoto mdogo akitengwa na wazazi hukosa nafasi ya kushikamana na familia na kujifunza mila na desturi za jamii yake.

Kenya ilikuwa imetangulia kwa miezi michache, na ikajikwaa. Novemba 2022 Katibu wa Elimu ya Msingi, Belio Kipsang, aliwaambia wakuu wa shule za msingi waliokutana Mombasa kwamba bweni la gredi ya kwanza hadi ya tisa lingefutwa kuanzia Januari. Kelele zilipopanda, serikali ikaanza kupunguza ukali: mabadiliko yangekuja kwa awamu, na maeneo kame yasingeguswa. Wazazi walibaki na tangazo lililosema moja na ufafanuzi uliosema jingine, na shule nyingi zikaendelea kama kawaida.

Hapa ndipo mkanganyiko wa umma ulipozaliwa. Amri ya Kenya ilichanganya watoto wa miaka sita na vijana wa kumi na nne kana kwamba ni kundi moja. Ile ya Tanzania ilichora mstari ulio wazi zaidi, lakini haikugusa kilichompeleka mtoto bwenini: umbali, zamu za wazazi, foleni na mtihani. Ukimkataza mtu mwavuli, mvua haitakoma.

Hoja za wanaotaka bweni libaki

Ya kwanza, na iliyo nzito kuliko zote, ni saa. Mtoto anayeishi Chanika au Bunju na kusoma katikati ya Dar es Salaam hupitiwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri, wakati mwingine kabla. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Piga hesabu: akiamshwa saa kumi na nusu, ili apate hata saa tisa inabidi awe amelala saa moja na nusu usiku. Basi lililomchukua alfajiri humrudisha saa kumi na mbili jioni, likichelewa saa moja. Hapo kuna kuoga, kula na kazi ya nyumbani. Hesabu haitoki. Mzazi anayesema “bora alale huko huko” hajakosa upendo, amehesabu tu.

Ya pili ni swali la nani yuko nyumbani. Katika familia nyingi za mjini baba na mama wote hutoka asubuhi, na malezi hushikwa na dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti mdogo aliyeletwa kutoka kijijini bila mkataba na bila mafunzo. Anaweza kuwa dhahabu, anaweza kuwa balaa, na hakuna njia ya kujua mapema. Bweni angalau lina mwalimu mkuu, lina mkaguzi, lina jina la kulinda. Wazazi wanaofanya kazi Oman au Dubai, au wauguzi wa zamu za usiku, au madereva wa malori ya kwenda Lubumbashi, wanajua uzito wa hoja hii kuliko mwandishi yeyote.

Ya tatu ni fedha, ingawa husemwa kwa sauti ya chini. Ada ya bweni huonekana kubwa kwa sababu inalipwa kwa mkupuo. Ukijumlisha mshahara wa dada, nauli ya basi la shule, chakula cha mtoto, masomo ya ziada ya jioni na siku ambazo mzazi hukatwa mshahara kwa kuwahi nyumbani, pengo hupungua, na kwa baadhi ya familia hupotea kabisa.

Ya nne ni ile ya nidhamu na kujitegemea: mtoto atajifunza kutandika kitanda, kufua soksi, kula kilichopo. Hii ni kweli kwa kiasi. Ni kweli pia kwamba hayo yote hufundishika nyumbani, na mtoto wa kijijini wa miaka minane huwa ameshayajua bila kulipiwa ada. Hoja hii hutumika zaidi kupamba uamuzi uliokwisha kufanywa kwa sababu nyingine.

Kuna na ya tano, ambayo wapinzani wa bweni huiruka. Husemwa kwamba kumtoa mtoto nyumbani si desturi yetu. Si kweli. Watoto wa Afrika Mashariki wamelelewa na bibi, shangazi na wajomba kwa karne nyingi. Pwani na kwingineko walipelekwa kwa walimu wa Kurani wakakaa huko. Mtoto wa kwanza kukaa kwa bibi ni jambo la kawaida hadi leo. Mama na baba kulea peke yao ndani ya nyumba yenye geti, bila bibi wala jirani, ndio ugeni. Mtetezi wa bweni anayesema “mtoto ni wa jamii” ana mizizi ya kushika.

Tofauti ni kwamba bibi ni mtu mmoja, anayemjua mtoto huyo kwa jina, kwa ugonjwa na kwa ukaidi wake, na atakuwa bibi yake mpaka kifo. Matroni ni mwajiriwa. Anaweza kuwa mwema kuliko bibi, lakini ana watoto wengi wa kuangalia, na mkataba wake ukiisha anaondoka.

Hoja za wanaotaka bweni liondoke

Mtoto wa miaka sita au saba hajui bado kueleza kinachomsumbua. Akikojoa kitandani, nyumbani ni tukio la kufua shuka. Bwenini, mbele ya wenzake thelathini, ni jina la utani litakalomfuata hadi darasa la saba. Akiwa na homa usiku hajui aseme nini, na kwa nani. Na akitendewa ukatili, iwe na mkubwa wake au na mtu mzima, hajui kuuita kwa jina lake. Hudhani ndivyo maisha ya bwenini yalivyo. Simu hana. Siku ya kutembelewa iko wiki kadhaa mbele, na ikifika mzazi anakuja na kuku wa kukaanga na soda, mtoto anakula, anafurahi, kengele inalia. Siri hubaki pale pale. Ulinzi mkubwa wa mtoto mdogo ni mtu anayemwona kila siku na kugundua kwamba leo hayuko sawa. Bweni halina mtu huyo kwa kila mtoto, hata likiwa la gharama.

Kisha kuna hesabu ya muda. Mwaka wa shule wa Tanzania huwa na siku 194 za masomo, yaani karibu wiki 39 za siku tano tano. Mwanafunzi wa bweni hakai huko siku za masomo peke yake, hukaa na wikendi zilizo katikati. Robo tatu ya mwaka iko shuleni. Mtoto aliyeingia bwenini akiwa na miaka sita na kutoka na kidato cha sita akiwa na 18 au 19, atakuwa ameishi kwao, likizo kwa likizo, kama miaka mitatu tu katika hiyo kumi na miwili na ushei. Wazazi wengi hawajawahi kuifanya hesabu hii, kwa sababu ada hulipwa kwa muhula na upweke haupimwi.

Lugha nayo inahusika, ingawa haitajwi sana. Shule nyingi za bweni za watoto wadogo ni za Kiingereza, na nyingi huadhibu mtoto akikamatwa anazungumza Kiswahili. Kwa mtoto wa kutwa, Kiswahili na Kihaya na Kikamba vinamsubiri nyumbani jioni. Mtoto wa bweni hana jioni hiyo. Matokeo yake hujulikana Desemba, pale mjukuu anapoletwa kijijini na bibi anaomba mtu wa kutafsiri.

Hoja ya saikolojia inahitaji tahadhari. Nchini Uingereza mtaalamu wa tiba ya nafsi Joy Schaverien aliandika juu ya dalili alizoziona kwa watu wazima waliopelekwa bweni wangali wadogo: ugumu wa kuamini wengine, moyo uliofungwa, hasira iliyozikwa. Maandishi yake yananukuliwa sana na wapinzani wa bweni. Udhaifu wake ni wazi, kwamba aliowaona ni wale waliokwenda kutafuta tiba. Waliokua salama hawakubisha hodi kwake. Kwa hiyo maandishi hayo yanaonyesha kwamba madhara yapo na yanaweza kudumu. Hayaonyeshi kwamba kila mtoto huyapata, na anayedai hivyo amevuka mpaka wa ushahidi.

Moto na basi

Usiku wa kuamkia Septemba 6, 2024, bweni la Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, liliungua na kuua wavulana 21 wa shule ya msingi. Miaka minne kabla, Septemba 2020, watoto 10 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu wilayani Kyerwa, Kagera. Nyuma yao kuna majina ambayo wenye umri hawajayasahau: Shauritanga ya Kilimanjaro 1994, Bombolulu ya Kwale 1998, Kyanguli ya Machakos 2001, ambako walikufa wavulana 67.

Kanuni zilikuwepo. Mwongozo wa usalama wa shule za Kenya wa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na nondo. Mtu yeyote aliyewahi kuingia bweni lenye vitanda vya ghorofa vilivyobanana anajua jinsi kanuni hiyo inavyoheshimiwa. Baada ya Endarasha serikali ya Kenya ilifunga mabweni ya zaidi ya shule 300 za msingi, jambo linalozaa swali lisilopendeza: nani alikuwa ameyaruhusu?

Hapa ndipo wapinzani wa bweni hudhani wameshinda. Lakini barabara nayo ina orodha yake. Julai 2022 basi la shule lilitumbukia kwenye shimo Mtwara likiwa limebeba wanafunzi wa kutwa asubuhi, watoto wasiopungua wanane wakafa. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na mafuriko Arusha, watoto wakafa tena. Mbali na ajali zinazotangazwa, kuna bodaboda zinazobeba watoto watatu watatu bila kofia, na kuna wasichana wanaotembea kilomita nyingi hadi shule wakisimamishwa njiani na wanaume wenye pikipiki na chipsi.

Hoja ya usalama, basi, haimpi ushindi yeyote. Inachosema ni kwamba mtoto wetu hayuko salama akilala shuleni wala akienda shuleni, na sababu ni moja: ukaguzi dhaifu. Mwenye shule anayebananisha vitanda na mwenye basi anayebananisha viti ni mara nyingi mtu mmoja. Tofauti ndogo iliyopo ni ya umri. Moto ukitokea usiku wa manane, kijana wa miaka 15 anaweza kuvunja dirisha. Mtoto wa miaka saba hujificha chini ya kitanda.

Hoja ya ufaulu

Wenye shule husema: tazameni matokeo. Shule zinazoongoza ni za bweni. Kwa miaka mingi orodha za shule bora zilikuwa ndiyo matangazo yao, hadi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi bora.

Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyoaminiwa. Shule nyingi za aina hii humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea. Anayeshindwa harudi. Nyingi zina wastani wa kuvuka darasa, na asiyeufikia hukaririshwa au mzazi huombwa amtafutie shule nyingine kabla ya darasa la mtihani. Wazazi wake wana ada, maana yake wana vitabu, lishe na taa. Ukishachagua watoto hivyo, ukawaondoa wanaoyumba, kisha ukasema godoro la bweni ndilo lililoleta alama, umefanana na jogoo anayedai kwamba kuwika kwake ndiko kulikochomoza jua.

Kuna kinachoongezwa na bweni kweli, nacho ni saa za masomo: prepo ya alfajiri, prepo ya usiku, Jumamosi. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne huenda zikafaa. Kwa mtoto wa darasa la pili saa hizo hukatwa kwenye usingizi na mchezo, vitu viwili ambavyo ubongo wa umri huo unavihitaji kuliko zoezi la kumi la hesabu. Wanaomwamsha mtoto wa miaka saba saa kumi na nusu alfajiri akasome wanamfanyia kile kile walichodai kumwepushia walipomtoa kwenye basi.

Watoto ambao nyumbani si kimbilio

Mjadala huu huendeshwa na watu wa mjini wenye ada, ndiyo maana kundi moja husahaulika. Katika Turkana, Wajir na Mandera familia huhama na mifugo, na bweni la gharama nafuu la serikali ndilo darasa pekee lisilohama. Kuna watoto wasioona wa Buigiri, Dodoma, ambao shule ya karibu na kwao haina mwalimu wa nukta nundu. Kuna mabinti wa Mara wanaokimbilia nyumba salama msimu wa ukeketaji unapofika. Na kuna Buhangija, Shinyanga, shule iliyowapokea watoto wenye ualbino baada ya mauaji yaliyoanza kutikisa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 2000.

Kwa hawa amri isiyo na mlango ni hatari. Kinga nayo ina bei. Huko Buhangija baadhi ya watoto walikaa miaka bila kutembelewa, na baadhi ya familia zikazoea kuishi bila wao. Bweni lililowaokoa na panga liliwanyang’anya ukoo. Nani athubutu kusema walikosea waliowapeleka? Lakini mfano huo unafundisha kwamba hata pale bweni linapostahili, kazi ya kumrudisha mtoto kwao inapaswa kuanza siku ile ile anapopokelewa: jina la ndugu wa karibu liandikwe, nauli ya likizo itengwe, afisa ustawi wa jamii afike kijijini.

Upande wa mizani

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Haki hiyo si zawadi ya mzazi, kwa hiyo mzazi hawezi kuiuza kwa sababu ya foleni. Kwa upande huo mstari uliochorwa na waraka wa 2023 ni sahihi, na hoja za saa, za dada wa kazi na za fedha, hata zikiwa nzito, haziutengui. Zinaonyesha tu kwamba mstari peke yake hautoshi.

Tatizo linajitokeza tunapotazama amri imeangukia nani. Mtoto akirudi nyumbani, si familia nzima inayobadilisha ratiba. Kwa kawaida ni mama anayeomba kuhamishwa kituo, anayefunga duka mapema, anayekataa kupandishwa cheo kinachomtaka asafiri. Asiyeweza hutafuta njia ya pembeni: humpangisha mtoto kwa mwalimu au kwa mama mmoja jirani na shule anayelaza watoto sita sebuleni. Hilo ni bweni bubu lisilo na mkaguzi, matroni wala kifaa cha kuzimia moto, na ni baya kuliko lile lililofungwa. Serikali inayofunga mabweni bila kuyatafuta haya imehamisha hatari kutoka mahali panapoonekana hadi mahali pasipoonekana.

Yapo mambo yanayoweza kupunguza haja yenyewe. Shule nzuri ya umma iliyo karibu ndiyo dawa kubwa, na hakuna ya mkato. Kenya imegusa jambo hili pasipo kulitangaza hivyo: ilipoweka gredi ya saba hadi ya tisa ndani ya viwanja vya shule za msingi, watoto wengi wa miaka 12 hadi 14 walibaki majumbani mwao. Saa za shule ni dawa nyingine. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015 zinataka masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri; zikitekelezwa, na Dar es Salaam ikiwa na kanuni kama hiyo yenye meno, basi halitakuwa na sababu ya kupiga honi alfajiri. Waajiri nao, wanaojisifu kwa mbio za hisani, wangeweza kuanza kwa kumruhusu mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi kuingia kazini saa tatu.

Kwa mzazi mmoja mmoja swali lenye faida ni dogo kuliko yale yanayogombaniwa. Aache kuuliza kama bweni ni zuri au baya, aulize: kati ya saa kumi alasiri na saa tatu usiku, mtoto wangu yuko na nani, na mtu huyo anamjua? Ukishindwa kumtaja kwa jina mtu huyo, iwe bwenini au nyumbani, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya kulipa ada ya aina yoyote. Bibi anayeletwa kutoka Moshi, shangazi anayepewa chumba, kuhamia nyumba ndogo zaidi iliyo karibu na shule ya kawaida: haya yana gharama, na mara nyingi ni gharama ya heshima kuliko ya fedha, kwa sababu shule ya kawaida haina jina la kutajia wenzako ofisini.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Atakayeanza darasa la kwanza na miaka sita ataingia kidato cha kwanza na miaka 12, umri ule ule alioingia nao Nyerere Mwisenge, na hapo anayetaka kumnunulia sanduku la bati atakuwa anamnunulia mtu anayeweza kulibeba. Kabla ya hapo kuna miaka sita, na basi linalopita saa kumi na moja alfajiri, ambalo bado hakuna waraka ulioliambia lisubiri jua lichomoze.